Kuitika Mizani

Tangu nirudishe funguo za karakana ni miezi mitatu sasa, na bado naamka alfajiri kama mtu anayesubiriwa. Hakuna anayenisubiri. Wapo ng'ombe wawili tu, na hao hawajali nimechelewa au nimewahi. Vijana niliowaacha kazini waliniambia, "Mzee Meliyo, tuandikie yale mambo ya zamani. Sisi tumekuta mashine zimeshafungwa, hatujui zilifikaje." Daftari ninalo, niliandika karibu kila siku ya kazi: fyuzi gani imeungua, nani amekuja, mvua imenyesha au haikunyesha. Lakini kujiandikia mwenyewe si sawa na kuandikia watu wasome. Mimi ni wa darasa la saba. Nikikosea mtanisamehe, na nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Neno hilo nitalirudia huko mbele, na sitalifurahia.

Hamtaona humu nilipanda cheo lini wala nililipwaje. Hayo yamo kwenye faili ofisini, na hata huko hayamfurahishi mtu.

Siku yangu ya kwanza kiwanda kilikuwa bado cha umma. Tulitengeneza chakula cha mifugo: cha kuku, cha ng'ombe wa maziwa, kidogo cha nguruwe. Nilikuja kama fundi umeme msaidizi, nina cheti cha daraja la tatu na bisibisi yangu mwenyewe, lakini fundi mkuu alikuwa msibani. Hakuna aliyejua wanifanyie nini, wakanipeleka kwenye mizani kwa Mzee Omari. Huyu alikuwa Mrangi wa Kondoa, anaishi Kaloleni, mfupi, na vumbi la pumba lilikuwa limemkaa kwenye nyusi hadi akaonekana mzee kuliko alivyokuwa.

Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Unajua kusikia?"

"Najua, Mzee."

"Kila mtu anasema anajua. Kaa pale."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Yeye anapima mahindi, mashudu, dagaa, chokaa, chumvi. Akishapima anaita uzito kwa sauti. Aliye kwenye kichanganyio lazima aitike kwa kurudia namba ile ile na kusema nimesikia. "Arobaini na mbili!" "Arobaini na mbili, nimesikia!" Asipoitikiwa, Mzee Omari haachii mzigo, hata kama msimamizi amesimama nyuma yake anapiga kelele. Sisi Waarusha tumezoea salamu ndefu za kupokezana, mtu anauliza na mwenzake anajibu hadi mwisho wa ukoo, lakini hii ya kupokezana kilo ilinichekesha. Siku ile nilicheka.

"Cheka," aliniambia. "Halafu nieleze. Nikiita na wewe usiitike, mimi nitajuaje namba imefika?"

"Utaona nimemwaga."

"Nikishaona umemwaga itanisaidia nini?"

Nikauliza tena, maana nilikuwa mbishi: na kama namba yenyewe si sawa, mwitikaji anarudia tu? Akanijibu jambo ambalo nililiandika jioni ile kwenye daftari, na maandishi yake yapo hadi leo. Alisema kuitika si kukubali. Ukiitika hujasema uzito ni sahihi, hujasema umependa. Umesema tu kwamba umekufikia. Ubishi unakuja baadaye, lakini kwanza namba ifike.

Aliyekuwa akimwitikia zaidi ni mama mmoja wa Kimeru kutoka Nduruma, tukimwita Mama Eliya. Alikuwa na sauti ya kwaya. Kinu kikinguruma, ya kwake ilipenya. Wawili wale walifanya kazi pamoja miaka mingi, na sikuwahi kusikia kundi la chakula limeharibika mikononi mwao. Kama liliwahi kuharibika kabla yangu, sijui.

Halafu ikaja ile miaka ya kuuza viwanda. Wengi wenu mlikuwa wadogo. Kila wiki mgeni alipitishwa akiangalia mashine, nasi tukasimama wima kama bidhaa. Mwishoni kiwanda kikapata mwenyewe, mtu binafsi, na tukaletewa meneja mpya, Bwana Minja. Watu wakapunguzwa. Mzee Omari alikuwa kwenye orodha ya kwanza, kwa sababu mizani mpya ya umeme ilikuwa njiani na haihitaji mtu wa kuita. Aliondoka na mwavuli wake na kikombe chake. Sikumbuki kama nilimsindikiza hadi getini. Ningependa kusema nilimsindikiza.

Mashine mpya ilifungwa na fundi kutoka Nairobi aitwaye Njoroge. Alikaa kwetu wiki sita, akapanga chumba Sakina karibu na kwangu, na majina ya vifaa vingi nilivyokuja kuvijua niliyapata kinywani mwake. Ndani ya kabati la chuma kulikuwa na kifaa ambacho kwenye makaratasi kiliitwa PLC. Sisi tukakiita Ubongo. Ndicho kilichoamuru mota ipi iwake na ipi izime. Mizani ilijua uzito. Ubongo ulijua amri: ukihitaji chumvi kilo tatu, uwashe skrubu ndefu iliyo ndani ya bomba, isukume chumvi ianguke kwenye mizani, uzito ukifika tatu uizime.

Shida ni kwamba hawa wawili hawakusemeshana moja kwa moja. Mizani ilitoa habari zake herufi moja moja kwenye waya mmoja, kama mbuzi wanaopita mlango wa zizi. Ubongo ulitaka namba nzima kwa mkupuo. Katikati yao ikawekwa kadi ya mawasiliano, kidude cha upana wa vidole vitatu kilichochomekwa ubavuni mwa Ubongo, chenye plagi ya pini tisa na vitaa viwili vidogo.

Siku mbili za kwanza hakuna kilichopita. Waya wa kutuma ulikuwa umeunganishwa na waya wa kutuma, wa kupokea na wa kupokea. Midomo miwili inaongea, masikio mawili yamekaa bure. Tukavuka waya, wa kutuma huku uingie wa kupokea kule. Zikaja alama za ajabu, mabano na mikwaju, kwa sababu mizani ilikuwa ikituma kwa mwendo mmoja na kadi inapokea kwa mwendo mwingine. Njoroge alipolinganisha mwendo, tukaona tarakimu. Niliandika mwendo ule kwa kalamu nene ndani ya mlango wa kabati. Upo hadi leo, na yeyote atakayepaka rangi mlango ule naomba apite pembeni yake.

Ndipo akanionyesha programu kwenye kompyuta yake ya kubeba, mistari iliyopangwa kama ngazi.

"Sikia, Bwana Meliyo. Hii kadi ni kama karani wa posta. Barua ikikuja, anaiweka kwa sanduku, halafu anainua bendera. Ubongo ukiona bendera, unachukua barua, nao unainua bendera yake: nimepata. Karani akiona hiyo, anashusha yake na anapokea barua ingine. Umeona?"

"Na Ubongo usipoinua?"

"Karani anangoja. Barua mpya haingii."

"Na karani asipoinua?"

"Ubongo unahesabu sekunde mbili. Kama hakuna barua mpya, unasimamisha kila kitu. Ni hii laini hapa." Akaigonga kwa ukucha. "Hii usiwahi kuigusa. Hata mkubwa akulilie."

Nikamwambia kuna mzee Kaloleni anaijua kazi hii tangu zamani, nikamsimulia kuita na kuitika. Njoroge alicheka, lakini si kwa dharau. "Basi nyinyi mlikuwa na PLC kabla yetu," akasema. "Yenu ilikuwa inakula ugali tu."

Alirudi Nairobi. Akaniachia nakala ya programu na waya wa kuunganisha kompyuta na Ubongo.

Miezi ya kwanza mashine ilisimama mno. Sababu niliijua, na naiandika hapa ili msije mkasema ilikuwa bahati mbaya. Waya wa mawasiliano ulipita kwenye njia moja na waya mnene wa mota ya kinu. Kila kinu kilipoanza kuzunguka, kelele za umeme ziliingia kwenye ule waya mwembamba, barua zikapotea njiani, Ubongo ukahesabu sekunde mbili, ukasimamisha kila kitu. Halikuwa kosa la Njoroge. Yeye aliagiza bomba la peke yake kwa ajili ya waya ule, bomba likachelewa, na kuondoka kwake kukafika kwanza. Dawa ilikuwa kusimamisha kiwanda siku nzima, kulaza bomba jipya na kufunga ngao ya waya, ule wavu wa chuma unaouzunguka, kwenye waya wa ardhi upande mmoja.

"Fundi, leo imesimama mara ngapi?" Bwana Minja aliniuliza.

"Mara tisa."

"Magari yamepanga foleni hadi barabarani. Fanya isisimame."

"Nikipata siku moja ya kuzima..."

"Siku moja sina. Fanya isisimame."

Nimwandikie haki yake. Hakusema nitoe ulinzi. Alisema isisimame. Nilichukua kompyuta ya ofisini, mchana kweupe, nimeshakunywa chai, akili zangu timamu, nikaufuta ule mstari wa sekunde mbili. Kuanzia hapo Ubongo haukungoja bendera tena. Ulisoma namba iliyokuwemo kwenye sanduku, iwe mpya, iwe ya zamani. Namba ya zamani haina harufu. Inakaa pale inafanana na mpya.

Na mashine haikusimama. Bwana Minja alinipiga bega mbele ya watu. Miezi mitano ikapita vizuri, au mimi niliona ni vizuri.

Mama Eliya alikuwa amebakizwa. Kazi yake sasa ilikuwa kukaa karibu na mizani, kuweka mifuko, kuchana karatasi iliyochapwa na kuitunza. Mizani ilikuwa na kioo chake chenye namba nyekundu, na yeye hakuacha mazoea. Kila namba ilipotulia aliisoma kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu wa kumwitikia. Vijana wa kubeba walimtania.

"Mama Eliya, mchumba amekujibu?"

"Hajajibu. Lakini huyu hanidanganyi kama nyinyi."

Nami nilicheka nao. Hiyo ni mara ya pili nimecheka jambo lile lile.

Jumanne moja alikuja mlangoni pa karakana. Nilikuwa nimefungua swichi ya mota, vipande vyote vimetandazwa mezani, na springi ndogo ilikuwa imeruka sijui wapi.

"Fundi, thelathini na moja," akasema.

"Thelathini na moja nini?"

"Chumvi. Mizani imesema thelathini na moja. Nimeita mara mbili."

Sikuinua kichwa. "Karatasi inasema ngapi?"

"Tatu."

"Basi ni tatu. Kioo kile kinacheza. Amini karatasi."

Akasimama kidogo. Niliona viatu vyake, kwa sababu nilikuwa naitafuta springi sakafuni. Halafu akasema, "Haya, Fundi," akaondoka.

Karatasi, kwa taarifa yenu, haikuchapa kilichoanguka. Ilichapa kilichoagizwa. Nilijua hilo. Wiki ile nilikuwa nimesahau kwamba najua.

Alhamisi ya wiki iliyofuata watu watatu kutoka Nduruma walifika getini na magunia mawili ya kuku waliokufa. Mmoja wao alikuwa mzee wa kanisa anakosali Mama Eliya. Walisema kuku walikunywa maji kama waliomeza moto, wakaharisha, wakalala chini. Mtaalamu wa mifugo alikuwa ameshawapasua wengine na kusema ni chumvi. Namba ya kundi ilikuwa kwenye lebo ya mfuko. Tukatafuta karatasi ya kundi lile: chumvi kilo tatu, tayari.

Tuliitwa ofisini: Mama Eliya, mimi, na msimamizi wa zamu. Karatasi ilikuwa mezani. Pembeni ya mizani siku zote palikuwa na debe la chumvi na kopo, maana skrubu ikiziba chumvi iliongezwa kwa mkono. Bwana Minja hakuwa mtu mkali. Alihesabu alichokiona: mashine imeweka tatu, na zilizozidi zimewekwa na mkono. Na mkono uliokuwa karibu ni wa nani?

"Sikugusa kopo," Mama Eliya akasema. "Mizani ilifika thelathini na moja yenyewe. Nilimwambia Fundi."

Bwana Minja akanigeukia. "Fundi, alikuambia?"

Hapa nimeshika kalamu muda mrefu. Nje mbuzi wa jirani wamekula ua, na nimewaacha.

Nilisema, "Sikumbuki vizuri."

Nilikumbuka. Nilikumbuka viatu. Pale pale nilipoyaona yale magunia getini nilijua namba imeganda, na nilijua ni mstari upi ulioigandisha. Mama Eliya aliniangalia. Alivua aproni yake, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza ya meneja kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Akaambiwa akae nyumbani hadi Jumatatu, siku ambayo barua yake ya kuachishwa ingekuwa tayari.

Ijumaa nilikwenda kazini, nikatengeneza taa za ghala. Hazikuwa na haraka.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri nilikwenda Kaloleni. Mzee Omari alikuwa kibarazani, anachambua mchele kwenye ungo, amepungua mwili. Nilimweleza kuku, chumvi, karatasi, lawama. Nilimweleza kama jambo la watu wengine. Sijui nilitaka nini kwake. Nadhani nilitaka aseme mashine za siku hizi hazina adabu, nirudi nyumbani nimepoa.

Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Mama Eliya aliita?"

"Aliita."

"Nani aliyeitika?"

Akarudi kwenye mchele wake. "Basi unalo jibu lako," akasema. "Usiniletee mimi. Mimi nilishapunguzwa."

Jumapili jirani yangu mwenye ndugu Nduruma aliniambia Mama Eliya alikwenda kanisani kama kawaida. Hakukaa na kwaya. Alikaa benchi la nyuma, na benchi lile lilikuwa lake peke yake. Watu hawakumtukana. Walikaa mbele tu.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi kuanza, nilimwomba Bwana Minja aje kwenye mashine. Nikawasha skrubu ya chumvi. Mizani ilipofika mbili nikachomoa plagi ya pini tisa. Nikamwambia aangalie kioo cha mizani kwa jicho moja na kioo cha Ubongo kwa jingine. Kwenye mizani: tatu, tano, tisa, kumi na nne. Kwenye Ubongo: mbili. Mbili. Mbili. Chumvi ikaendelea kushuka, na sauti yake ndani ya bomba ilikuwa kama mvua ya mbali. Ilipofika thelathini na moja nikachomeka plagi. Ubongo ukaona tatu imeshapita, ukazima skrubu. Printa ikatoa karatasi. Chumvi kilo tatu, tayari.

Bwana Minja aliishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Kwa nini haikusimama?"

"Ulikuwepo mstari wa kuisimamisha. Niliufuta."

"Nani alikutuma?"

"Uliniambia isisimame. Hukuniambia niufute. Nilifuta mimi."

Akaikunja ile karatasi. Halafu akauliza, "Umegundua lini?"

"Leo," nikasema.

Bwana Minja alifanya kama mtu mzima. Siku ile ile alikwenda Nduruma na gari lake, nami nikiwa kiti cha nyuma, akasimama mbele ya mzee wa kanisa na majirani akasema kosa ni la kiwanda, huyu mama hana doa. Wenye kuku walipewa vifaranga wengine na chakula chao. Mama Eliya alisema asante kwa kuja. Kiwanda kikazimwa siku nzima, ile siku moja ambayo haikuwepo, tukalaza bomba la waya wa mawasiliano peke yake, ngao tukaifunga kwenye ardhi, na mstari nikaurudisha kwa mkono wangu. Mashine ikawa inasimama mara moja kwa wiki, pengine mara mbili. Mimi nilipewa barua ya onyo, nayo ilikuwa laini kuliko nilivyostahili, kwa sababu iliandikwa kwamba nimejitokeza mwenyewe.

Mama Eliya alirudi kazini, lakini aliomba asiwekwe kwenye mizani. Akapelekwa kushona mifuko, akashona hadi alipostaafu. Kila asubuhi nilimsalimu na kila asubuhi alijibu. "Nzuri, Fundi." Hakuwahi kuniuliza kuhusu siku ile ofisini. Mara nyingine nilidhani amesahau, mara nyingine niliona aibu kwa kudhani hivyo.

Sasa, nyinyi mliofanya kazi na mimi, hadithi hii ya thelathini na moja mnaijua. Kila fundi mpya nilimsimamisha mbele ya kabati na kumsimulia: msifute kungoja, msiamini karatasi, ngao ifungwe upande mmoja. Nilisimulia jinsi nilivyoufuta mstari, na jinsi nilivyogundua Jumatatu na kusema mbele ya meneja. Siku ya kuniaga mmoja wenu alisimama akasema Mzee Meliyo ametufundisha kwamba fundi akikosea aseme siku ile ile. Mkapiga makofi. Nilikuwa na soda mkononi, nikaiweka mezani.

Sikusema siku ile ile. Nilijua Alhamisi. Niliulizwa Alhamisi, na mtu aliyeniambia alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Yale mengine yote niliyowafundisha ni sawa, yashikeni. Hilo moja lilikuwa bovu, na mmelibeba kwa sababu yangu.

Nilipofika hapa kwenye kuandika niliona si haki nyinyi msome kabla yake. Wiki iliyopita nikashika hili daftari nikaenda Nduruma. Mama Eliya anaishi na mwanawe, macho yamepungua, lakini sauti ipo. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Akaniletea kigoda, mkwewe akaleta chai. Nikamwambia nina jambo nimeliandika, nisome? Akasema soma.

Nikasoma yote, hata pale nilipocheka. Nilipofika kwenye mlango wa karakana, springi na viatu, aliacha kupukuchua. Nikasoma hadi Jumatatu, nikafunga daftari. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, marefu, yamekaa vizuri. Hayakutoka. Kilichotoka ni kingine.

"Mama Eliya. Thelathini na moja. Nimesikia."

Kuku walikuwa wanadonoa punje miguuni pake. Akawafukuza kwa gunzi.

"Na siku ngapi ulizokaa kimya?" akauliza. "Umesoma haraka pale."

"Nne."

Akachukua hindi jingine, akaanza kulipukuchua kuanzia kitako.

"Nne, nimesikia," akasema. Akaninyooshea kidole kwenye kikombe. "Kunywa chai, Fundi. Inapoa."

Nikanywa. Ilikuwa imeshapoa.